Jinsi Roboti Inavyopapasa Njia

Kipofu anashuka njia ya mlima huko Kadutu, mjini Bukavu. Mkononi ana fimbo. Fimbo yagusa jiwe, kipofu asimama. Aipeleka fimbo kushoto, haigusi kitu. Basi apita kushoto. Hakuliona jiwe, lakini alipata habari zake. Nani aliyemletea habari hizo? Ni fimbo.

Roboti ni kama kipofu huyo. Roboti ni mashine inayofanya kazi yenyewe, ikiongozwa na kompyuta. Wahenga walisema: Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kompyuta haina macho wala masikio. Ni lazima iambiwe kila kitu. Chombo kinachoiletea habari huitwa kihisi.

Katika nchi ya Kongo watu wengi wamekwisha kuona roboti. Mwaka 2013 roboti kubwa za kuongoza magari zilisimamishwa katika barabara za Kinshasa. Zilibuniwa na mhandisi Mkongo, Bi Thérèse Izay, pamoja na wenzake. Zilitazama magari kwa kamera. Kamera ni kihisi cha bei kubwa. Lakini kihisi cha kwanza cha mwanafunzi si cha bei kubwa. Chaweza kutengenezwa kwa vitu vilivyotupwa.

Hata wataalamu walianza hivyo. Katika miaka ya 1948 na 1949, W. Grey Walter wa Bristol, Uingereza, alitengeneza roboti mbili ndogo mfano wa kobe, akaziita Elmer na Elsie. Gamba la kila kobe lilining'inia juu ya mwili wake. Lilipogonga kitu, lilisogea na kugusanisha vyuma viwili. Hapo umeme ulipita, na kobe aligeuka kutafuta njia nyingine.

Kutengeneza kihisi cha kugusa

Tafuta kibao kidogo, misumari miwili, waya wa shaba, na uzi mmoja wa chuma kutoka waya wa breki ya baiskeli uliokatika. Kisha fanya hivi:

1. Pigilia msumari mmoja nyuma ya kibao, na mwingine mbele.
2. Funga waya wa shaba katika msumari wa mbele, ufanye pete yenye upana wa sentimita 1 hivi.
3. Funga uzi wa chuma katika msumari wa nyuma. Upitishe katikati ya pete bila kuigusa, utokeze mbele kama sharubu za paka.

Kwanza kijaribu bila kompyuta. Unganisha betri mbili za tochi, balbu ya tochi na misumari ile miwili, viwe mzunguko mmoja. Sukuma sharubu kwa kidole. Uzi utagusa pete, na balbu itawaka. Achilia, nayo itazimika. Je, haiwaki? Kwangua pete na uzi kwa kisu, maana kutu na rangi huzuia umeme. Usitumie kamwe umeme wa nyumba. Huo huua watu.

Sasa ondoa betri na balbu, ulete kompyuta ndogo. Iko moja iitwayo Arduino, iliyoanzishwa Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Yaenea katika kiganja. Msumari mmoja huunganishwa na tundu la hasi, na wa pili huunganishwa na tundu la kusomea habari. Rezista ya ohmu 10,000 huwekwa kati ya tundu hilo la kusomea na tundu la volti 5, ili habari zisiyumbeyumbe wakati hakuna mguso. Kisha mwanafunzi huandika maagizo: Ukiguswa, simama, rudi nyuma, geuka.

Lakini kuna tatizo. Vyuma vikigongana hurukaruka kidogo, kama mpira ulioanguka sakafuni. Jicho halioni, lakini kompyuta ni ya haraka mno. Mguso mmoja yaweza kuuhesabu mara nyingi. Dawa yake ni kuiagiza ingoje sehemu 20 katika 1,000 za sekunde, kisha isome tena.

Kihisi cha kutikisika

Pete ile ile yafaa kwa kazi nyingine. Ning'iniza nati ya chuma kwa waya mwembamba wa shaba, ikae katikati ya pete bila kuigusa. Kibao kikitikiswa, nati itagusa pete.

Watu wa Bukavu wanajua kutikisika kwa ardhi. Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba na kuua watu, mjini humo na ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Rwanda. Huko Lwiro, kaskazini ya Bukavu, wataalamu huchunguza matetemeko. Vyombo vya kupimia matetemeko ni bora kuliko nati yetu, lakini asili yake ni moja: kitu kizito kilichoning'inizwa hubaki nyuma ardhi inaposogea.

Angalia sana jambo hili. Nati haitabiri tetemeko. Hugusa pete wakati ardhi imekwisha kutikisika. Tena lori likipita barabarani, au mtoto akigonga meza, nati yaweza kugusa vilevile. Kihisi husema tu, "Nimeguswa." Hakisemi nani aliyekigusa. Asiyejua hayo atawakimbiza majirani bure usiku, na siku ya hatari yenyewe hawatamsadiki.

Kompyuta ni mtumishi mtiifu. Ikiletewa habari za uongo, itafanya kazi ya uongo. Ndiyo sababu fundi mwema, roboti yake ikipotea njia, huitazama kwanza pete kama ina kutu.

Maswali

1. Fimbo ya kipofu na kihisi cha roboti vinafanana kwa jambo gani?
2. Kwa nini ni lazima kukwangua kutu?
3. Kwa nini kompyuta huagizwa ingoje kidogo?
4. Nati ikigusa pete, je, ni lazima kuwe na tetemeko? Eleza.