Je, Kizuri Chajiuza? Lugha na Soko la Taulo za Jikoni Zilizofumwa kwa Mkono

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Makala haya yananuia kueleza ni kwa nini methali hii haimfai mfumi wa leo, na ni wapi mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia katika suala hili.

Kangari ni mji mdogo katika Kaunti ya Murang'a, kwenye miteremko ya milima ya Aberdare, ambako watu wengi hutegemea majani chai. Huko shangazi yangu hufuma taulo za jikoni na kuziuza siku za soko. Taulo yake moja ni shilingi 600. Meza ya jirani ina taulo za kiwandani za shilingi 100. Wateja hushika, hugeuza, kisha huuliza: "Mama, si ni kitambaa cha kupangusia sufuria tu?" Shangazi hutabasamu asijibu. Siku nyingine hurudi nyumbani na taulo zote.

Bei hiyo ina sababu zake. Kabla ya kufuma, shangazi hutanda nyuzi za urefu kwenye kitanda cha mfumi. Nyuzi hizo huitwa mtande, na kuzipanga moja moja humchukua siku nzima. Kwa hiyo hutanda mtande wa taulo 10 kwa pamoja ili kazi hiyo igawanywe. Kisha hupitisha mshindio, yaani nyuzi za upana, na kila taulo humla nusu siku. Hatimaye huzifua kabla ya kuzikunja pindo, kwa kuwa pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza. Asipofanya hivyo, hasara humwangukia mnunuzi.

Malighafi nayo ina tabia zake. Kitani hufyonza maji upesi, hukauka haraka, hakiachi manyoya kwenye glasi, na huzidi kulainika kila kinapofuliwa. Hata hivyo, hakinyumbuki, hivyo nyuzi zake hukatika kwa urahisi zikiwa mtande. Ndiyo maana yeye hutanda pamba na kutumia kitani kuwa mshindio.

Ikumbukwe kwamba kitani si kigeni kabisa katika nyanda zetu za juu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walowezi walikilima kwa pupa, hadi bei ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa upande wa pwani, Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka wa 1331 alikuta nguo zilizofumwa huko zikipelekwa hadi Misri. Katika karne ya 19 iliingia merikani, pamba ya viwanda vya Marekani iliyobeba asili yake katika jina. Kanga nayo, zaidi ya pindo na mji, ina jina, yaani maandishi ambayo mnunuzi huyasoma kwanza. Hivi ni kusema kwamba katika jamii zetu nguo imezoea kuuzwa pamoja na maneno.

Taulo ya shangazi haikuwa na maneno. Mtande na mshindio yamo katika kamusi, lakini hayakuwa mezani pake. Likizo iliyopita tulikaa naye tukaandika kadi fupi, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Gĩkũyũ, zikieleza nyuzi, siku za kazi na namna ya kufua. Siku ya soko iliyofuata aliuza taulo 3. Si utajiri. Lakini mteja mmoja aliuliza swali jipya: "Mtande ndio upi hapa?" Shangazi alikunjua taulo, akamwonyesha kwa kidole, na mazungumzo yakaendelea.

Sisi wanafunzi hulalamika mara kwa mara kwamba msamiati wa kazi za mikono unafifia. Kuuhifadhi kamusini ni jambo jema, lakini neno huishi pale linapomsaidia mtu kupata riziki. Kila mmoja wetu ana mfumi, msusi wa vyondo au mfinyanzi kwao. Na tumwendee, tusikilize anavyoita kazi yake, kisha tumsaidie kuiandika.