Kinga ya chini ya gari: bamba gani litakufaa ukiacha lami ya Masumbwe?

Sampo ikitoboka pale Masumbwe mjini, unasukuma gari mpaka gereji, unaagiza chai, fundi anaingia chini. Ikitoboka kilomita 30 ndani, kwenye njia ya machimboni, jua limezama, mtandao wa simu hakuna, na siti ya nyuma kuna mama mwenye uchungu, hiyo ni hadithi nyingine. Wilaya ya Mbogwe ina barabara kuu ya lami inayotoka Kahama kwenda Ushirombo, lakini maisha mengi yapo nje ya lami hiyo: Nyakafuru, Lulembela, mashamba ya mpunga na maduara ya dhahabu. Kwa hiyo swali la bamba la kinga chini ya gari siyo la wapenda mbio tu. Na lina fizikia tamu ndani yake, twende nayo.

Kwanza ujue unachokilinda. Sampo ni lile bakuli la oili lililo chini kabisa ya injini. Kwenye magari mengi ni bati lililokandamizwa, unene wake milimita moja au mbili hivi. Mengine yana sampo ya alumini ya kumimina, na hiyo haibonyei, inapasuka. Watu wanaogopa tundu, na wana haki: oili ikimwagika, krenki inaanza kusagana na beringi zake chuma kwa chuma, kwa sababu utando wa oili unaozitenganisha ni mwembamba kuliko unywele wako. Dakika chache zinatosha kuua injini.

Lakini kuna adui mjanja zaidi ya tundu, naye ni bonde. Ndani ya sampo kuna bomba la kufyonza oili, na mdomo wake uko milimita chache tu juu ya sakafu ya bakuli. Jiwe likibonyeza bakuli kwenda juu, sakafu inaziba ule mdomo. Chini ya gari huoni hata tone moja, unaendelea na safari kwa amani, kumbe injini inanyongwa. Ukigonga kitu kizito halafu taa nyekundu ya oili ikawaka, zima injini hapo hapo, hata kama chini ni pakavu.

Sasa tuangalie ardhi yenyewe, maana bamba linachaguliwa kwa adui lililo naye. Miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi kutoka kituo cha Amani, Tanga, aliona kwamba katika nchi yetu udongo unapangika kwa zamu kutoka kilimani hadi bondeni, na mpangilio uleule unajirudia kila kilima. Aliuita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wakulima wa Usukuma walikuwa na majina yao siku nyingi: luseni ni ule wa kichanga wa juu, mbuga ni ule mfinyanzi mweusi wa bondeni. Dereva anaupita mnyororo huo mzima kila safari, na kila pete yake inapiga gari kwa namna yake.

Juu kuna mawe na changarawe ngumu nyekundu. Katikati kuna mchanga, ambao haupigi, unakwamisha. Chini kuna mbuga, na mbuga ni kigeugeu. Masika malori yanachimba mifereji miwili mirefu, kiangazi inakauka, na tuta la katikati linakuwa gumu kama tofali la kuchoma. Tuta hilo ndilo linalokwangua matumbo ya Probox na Noah. Ongeza na kazi ya wachimbaji: dhahabu ya ukanda huu hukaa sana kwenye mishipa ya kwatzi, kwatzi inavunjwavunjwa, na vipande vyenye ncha vinasambaa njiani pamoja na magwangala. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu, kwatzi ni 7. Chuma laini cha kawaida kipo kwenye 4 au 5, na alumini haifiki hata 3. Maana yake jiwe litachora bamba lako kila siku, vyovyote utakavyochagua. Swali ni kama litapenya.

Kabla hujanunua chochote, chungulia chini ya gari lako. Magari mengi yaliyotumika Japani yanakuja na kifuniko cheusi cha plastiki chini ya injini. Usije ukadanganyika kwamba hiyo ni kinga. Kazi yake ni kuzuia maji na tope kurukia injini na kulainisha mtiririko wa hewa. Jiwe halikitambui.

Tuje kwenye hesabu. Gari la tani 2 likitembea kilomita 20 kwa saa lina nishati ya mwendo ya takriban kilojouli 31. Ni sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 kuanguka kutoka mita 63. Ukikimbia 40, nishati haizidi mara 2, inazidi mara 4. Hakuna bamba la kufungwa kwa bolti linaloweza kumeza yote hayo, na wala siyo kazi yake. Kazi yake ni kugeuza pigo liwe mtelezo, gari lipande juu ya jiwe na kushuka upande wa pili. Ndiyo maana ukingo wa mbele wa bamba unatakiwa ulale kwa mshazari na uinuke kuelekea bampa, kama pua ya mtumbwi unaopanda mchangani. Bamba zuri la bapa lenye ukingo wa mbele unaoning'inia wima ni mtego, kwa sababu linalisimamisha gari badala ya kulinyanyua.

Unene je? Ugumu wa bamba kukunjika hupanda kwa unene uliozidishwa wenyewe mara 3. Mafundi wetu wengine hukata pipa la mafuta la lita 200 na kulifunga chini ya gari. Bati la pipa lina unene wa milimita 1 hivi. Ukiweka chuma cha milimita 3, uzito unaongezeka mara 3, lakini ugumu wa kukunjika unaongezeka mara 27! Hiyo ndiyo biashara bora kuliko zote katika somo hili. Pipa linasaidia dhidi ya matope na kokoto. Kwa tuta la mbuga lililokauka, ni kama kujikinga mvua kwa gazeti.

Kuna njia nyingine ya kupata ugumu bila kuongeza kilo, nayo iko juu ya paa lako. Bati la migongo ni jembamba kuliko hata la pipa, lakini mtu anatembea juu yake, kwa sababu migongo imeusogeza mwili wa chuma mbali na mstari wa katikati. Mwambie fundi akunje kingo za bamba kwenda juu sentimita 3 au 4, na apige mikunjo miwili kwa urefu. Bamba la milimita 3 lililokunjwa vizuri linaweza kulishinda la milimita 5 lililo bapa. Mikunjo ifuate urefu wa gari, siyo upana, la sivyo kila mkunjo unakuwa ngazi ya kunasa jiwe.

Halafu chuma au alumini? Chukua bamba la sentimita 60 kwa 80. La chuma milimita 3 lina kilo 11 na ushee. La alumini milimita 6 lina kilo 8 kasoro kidogo. Alumini ni laini mara 3 hivi kuliko chuma katika kukunjika, lakini ule unene maradufu unailipa mara 8, kwa hiyo bamba la alumini linatoka jepesi zaidi na gumu zaidi kukunjika. Kwenye karatasi imeshinda. Njiani ina kasoro mbili. Ncha ya kwatzi inaichimba na kung'ang'ania pale ambapo chuma kingeteleza. Na ikipasuka, nani ataichomelea? Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini utando wa oksaidi unaoifunika unahitaji zaidi ya nyuzi 2,000, kwa hiyo inataka mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea. Chuma kinachomelewa na kijana yeyote mwenye mashine ya kawaida na kifurushi cha vijiti. Kwa mtu wa Masumbwe, mimi nasema chuma cha milimita 3, au 4 kama unabeba mizigo ya machimboni. Alumini namwachia anayeshinda kwenye lami akienda Mwanza na kurudi.

Lakini ukweli ni kwamba bamba nyingi hazishindwi kwa unene. Zinashindwa kwenye bolti. Nguvu ya pigo lazima iende mahali, na mahali hapo pawe chesesi au mtambuko imara wa chuma, kamwe isiwe sampo yenyewe wala bati la bodi. Vichwa vya bolti vizamishwe ndani ya bamba, maana kichwa kinachochomoza kinakatwa na jiwe la kwanza, kisha bamba linaning'inia na kulima barabara. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 kati ya bamba na sampo. Bamba litajikunja kidogo likipigwa, na likikosa nafasi litampelekea sampo pigo lilelile ulilotaka kulizuia.

Usitoboe matundu mengi kwa kupendezesha, ila mawili ni ya lazima: la kufungulia nati ya kumwagia oili, na la kutolea maji na tope. Kiangazi kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliwazi. Ukipita kwenye nyasi kavu ndefu, zinajaa juu ya bamba na kukaa karibu na bomba la eksozi, ambalo lina joto la mamia ya nyuzi. Magari yameungua hivyo. Simama, chungulia, zichomoe kwa kijiti, mkono wako uache mbali na bomba.

Na siyo kila kitu kinahitaji bamba. Kwenye Land Cruiser na pikapu zenye ekseli nzima nyuma, kitu cha chini kabisa ni difu, na nyumba yake ni chuma kinene. Kuinua springi hakuipandishi difu hata kidogo, kwa sababu inakwenda na magurudumu. Ni tairi kubwa tu itakayoinyanyua, na ni nusu ya ulichoongeza: tairi ikizidi kipenyo kwa sentimita 5, difu inapanda 2.5. Ukilifunika tumbo lote la gari, tuseme mita za mraba 1.5 kwa chuma cha milimita 4, umejifungia kilo 47. Ni mfuko wa saruji usioshuka kituo chochote, na umekula sentimita kadhaa za nafasi kati ya gari na ardhi.

Kama hela ni ya bamba moja, anza na sampo. La pili liwe la giaboksi. Tanki la mafuta lifuate, hasa kama ni la plastiki. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, ingia chini na spana ukaze bolti zote upya, kwa sababu bamba jipya hujikalisha na kuzilegeza. Ukiwa huko chini, angalia mikwaruzo imeanzia wapi. Ikiwa iko kwenye mshazari wa mbele, fundi wako amefunga vizuri. Ikiwa iko kwenye vichwa vya bolti, mrudishie kazi yake.