Je, Wajua? Tundu la mdudu huzibwa kwa maji

Vitabu vingi vya kale vya Japani vimeponea moto na vita, vikaja kutobolewa na buu wa mbawakawa asiyezidi punje ya mchele. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Japani, iliyofunguliwa Tokyo mwaka 1971, ina vitabu vya namna hiyo, vikiwemo vya maktaba ya watawala wa ukoo wa Tokugawa.

Mafundi huziba vipi matundu hayo? Ukurasa hulowekwa na kutandazwa juu ya wavu. Kisha humiminiwa maji yenye nyuzi laini za kozo, mti wa jamii ya mforsadi, na maji hayo huvutwa kwa chini. Yanakimbilia penye tundu, maana ndipo penye njia. Nyuzi zinanasa papo hapo na kugeuka karatasi. Maandishi je? Wino wa sumi, wa masizi na gundi ya wanyama, ukishakauka kwa kawaida hustahimili maji.

Pa kubandika hutumika gundi ya wanga wa ngano. Gundi za kisasa hushika zaidi, na hilo ndilo tatizo lake: ya wanga hulainika kwa unyevu, hivyo fundi wa karne ijayo ataweza kuibandua na kurekebisha kazi ya mwenzake.

Tangu 2005 hifadhi hiyo imekuwa ikiweka picha za kurasa kwenye intaneti, bure, kwa yeyote anayetaka kuziona bila kuzigusa.