Jicho la Mpigaji Mchanga

Ukipita kando ya uwanja wa besiboli wa watoto huko Marekani, neno utakalolisikia mapema kuliko mengine aghalabu ni "Tazama mpira!", limetoka kinywani mwa mwalimu, likapokewa na baba aliyekaa nyuma ya uzio, kisha na mama, hata yule mtoto wa miaka 9 aliyeinua gongo, na kofia ngumu iliyomzidi kichwa ikimshukia usoni, akawa hajui tena kama autazame mpira au awatazame wao. Amri yenyewe si mbaya, ila ni nusu ya elimu, na nusu iliyosalia ndiyo yenye kazi.

Kwa asiyeujua mchezo huu, mrushaji humvurumishia mpigaji mpira mgumu wenye mzunguko wa kama sentimita 23, ulioshonwa kwa uzi mwekundu, naye mpigaji, akisimama kando ya kibao cheupe kilichopachikwa ardhini, sharti aukabili kwa gongo la mviringo. Katika ligi kuu ya Marekani baina yao pana meta 18.44, na mpira uendao kilomita 145 kwa saa huzikata kwa takriban sehemu 4 katika 10 za sekunde. Watoto wa Little League, jumuiya iliyoasisiwa mwaka 1939 mjini Williamsport katika jimbo la Pennsylvania, wamepunguziwa masafa yakawa kama meta 14. Walakini hata kwao mpira wa kilomita 80 kwa saa hautimizi theluthi mbili za sekunde njiani.

Je, jicho laweza kuandamana na mpira huo mpaka ugusane na gongo? Mwaka 1984 wataalamu wawili, Terry Bahill na Tom LaRitz, walitoa jawabu lao. Walifunga mpira wa plastiki kwenye uzi wa mshipi, wakauvuta kwa mota kumwelekea mtu aliyesimama mahali pa mpigaji, na huku wakipima jinsi macho na kichwa chake vinavyogeuka. Wanafunzi waliojaribiwa waliupoteza mpira ulipobakiza kama meta 2.7, mchezaji wa kulipwa, pamoja na umahiri wake wote, aliufuata hadi ulipobakiza kama meta 1.7, kisha naye akaachwa nyuma. Sababu yake aijua kila aliyepata kusimama kando ya reli: gari moshi likiwa mbali huonekana kama limetulia, lakini likupitiapo karibu, shingo haiwahi kugeuka. Wako wapigaji ambao jicho lao huuacha mpira katikati ya safari, likaruka na kwenda kuungoja mbele. Hao huweza kuuona ukigongwa, jambo ambalo watafiti hao walidhani lina faida kwa anayejifunza.

Kwa hiyo mtoto anayeambiwa autazame mpira mpaka mwisho bila kuuacha anatakiwa afanye lisilowezekana, ilhali hakuna aliyemwonyesha mwanzo, na mwanzo ndio wenye habari zote. Macho na yaanzie kifuani au kofiani mwa mrushaji, kwa utulivu bila kukazwa, kisha mkono unapopanda yahamie pale vidole vinapouachia mpira. Ted Williams wa Boston Red Sox, ambaye mwaka 1941 alifaulu mara 185 katika majaribio 456, alifundisha kwamba jambo la kwanza ni kuchagua mpira unaofaa kupigwa. Na achaguaye sharti awe ameuona mapema.

Mazoezi yake hayana gharama. Tia mpira alama ya rangi, nyekundu huu na buluu ule, mrushie mtoto polepole, naye aitaje rangi bila kupiga. Siku nyingine asimame na gongo lake, aache mipira ipite, aseme tu upi ulikuwa mzuri na upi mbaya. Mimi ningeanza na mipira ya tenisi, maana nionavyo wengi wa wanaofumba macho hawakosi bidii, wanaogopa kuumia, na hofu haiondolewi kwa kukemewa. Kisha kuna kichwa: mtoto hupenda kujua mpira wake umefika wapi kabla hajaupiga, basi uso humtangulia kwenda kuangalia tamasha ambalo bado halijawa, na macho, yakiwa abiria wa kichwa, huchukuliwa nao. Mfundishe aanze na kidevu karibu na bega la mbele, na amalizapo kupiga kiwe karibu na bega la nyuma, maana mabega yanazunguka na kichwa kimebaki.

Habari hizi si ngeni kabisa kwetu, kwani mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport. Nawe mzazi au mwalimu, mtoto akikosa, usimwulize kwa nini hakutazama. Mwulize mara ya mwisho aliuona mpira ukiwa wapi, kisha umrushie mwingine.