Tyubu Moja Haitibu Kila Muwasho

"Krimu gani ya fangasi ni kali zaidi?" Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kwenye maduka ya dawa ya Arua na Koboko, Uganda, na muulizaji kwa kawaida hajamwonyesha mhudumu yeyote wa afya ngozi yake.

Swali lenyewe limekosewa. Fangasi wa kinena hukaa kwenye mikunjo ya mapaja na kuchora duara lenye ukingo ulioinuka. Korodani kwa kawaida huziacha. Mwanamume ambaye ngozi ya korodani ni kavu, inachubuka na kuwasha huku mapaja yakiwa safi, huenda hana fangasi hata kidogo. Mara nyingi huo ni ukurutu, au ngozi imechoshwa na sabuni na kukunwa, hasa kiangazi cha Desemba hadi Februari. Vinundu vya uumeni na kwenye korodani vinavyowasha zaidi usiku, na watoto nyumbani nao wanajikuna? Huo huenda ni upele (scabies).

Sasa ile tyubu inayoitwa "ya fangasi". Isomwe maandishi yake madogo: clotrimazole ya fangasi, neomycin au gentamicin ya bakteria, halafu betamethasone au clobetasol. Hizo za mwisho ni steroidi. Ndizo zinazotuliza muwasho upesi, na ndizo zinazoharibu. Steroidi hudhoofisha kinga ya ngozi. Kama fangasi wapo, huenea bila lile duara, na hata daktari huweza kudanganyika.

Tena korodani ni mahali pabaya pa kujaribia. Mwaka 1967, watafiti Feldmann na Maibach wa Marekani walionyesha kwamba hydrocortisone hupenya ngozi ya korodani takriban mara 42 ya inavyopenya ngozi ya mkono chini ya kiwiko. Ikipakwa kwa wiki nyingi, ngozi hukonda, huwa nyekundu na kuwaka moto. Mgonjwa akiacha, moto huzidi. Akipaka tena, hutulia. Anaamini amepata dawa, kumbe moto huo umewashwa na dawa yenyewe. Na wanaoongeza Jik au Dettol juu yake wanaunguza ngozi iliyokwisha kuumia. Waache leo.

La kufanya ni hili. Maji na sabuni isiyo na manukato, vaselini kidogo, chupi ya pamba iliyosuuzwa vizuri. Fangasi wakithibitishwa, clotrimazole tupu, wiki mbili hadi nne. Kwa upele, nyumba nzima itibiwe siku moja, hata wasiowashwa. Muwasho unaorudirudi unahitaji kipimo cha sukari na cha VVU. Vidonda au usaha, kapimwe magonjwa ya zinaa. Si kila tatizo la huko ni la ngozi: ganzi ya sehemu za siri kwa waendesha bodaboda hutokana mara nyingi na kiti kubana neva. Ikiambatana na mkojo kugoma au miguu kulegea, ni hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya ghafla ya korodani moja hayasubiri hata muda wa saa sita: ni hospitali mara moja.

Hospitali ya rufaa ya Arua na hospitali ya Koboko zipo. Nenda na tyubu uliyokuwa ukipaka, na ukubali kuvua nguo uangaliwe.