Mgonjwa yuko kitandani. Je, anastahili pesa za Inua Jamii?

Simu ilitoka Komarock, asubuhi na mapema. Mama aliyepiga alitaka tumrudishie shilingi 1,500 alizotuma usiku uliopita. Mzee wake alipata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, na mtu aliyejiita afisa alikuwa amempigia: tuma pesa ya fomu, mzee ataingia Inua Jamii mwisho wa mwezi. Tulipoangalia, pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa ajenti dakika chache baada ya kuingia. Hatukuweza kuzirudisha.

Kabla ya kukata simu aliuliza, "Kwani mzee hakustahili?" Hilo ndilo swali tunalotaka kulijibu hapa, kwa sababu huenda anastahili kabisa, na bila kumlipa mtu.

Wengi wetu tukisikia ulemavu tunawaza kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Katiba ya 2010, kifungu cha 260, inaenda mbali zaidi. Inahesabu pia ugonjwa ambao una athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Kwa hivyo kiharusi, figo, saratani, hata mguu uliokatwa kwa sababu ya sukari, vinaweza kuingia. Lakini jina la ugonjwa peke yake halikupeleki popote. Watu wawili wanaweza kuwa na ugonjwa mmoja, huyu anaenda kazini kila siku, yule hawezi kufunga vifungo vya shati.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni tathmini ya madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Ukiwa Komarock, hospitali kubwa ya umma iliyo karibu ni Mama Lucy Kibaki. Piga au pita uulize siku za tathmini kabla ya kumbeba mgonjwa kwa teksi. Ripoti ikishatoka, maombi yanaenda kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, ambalo ndilo linalotoa kadi.

Hapa kwa daktari ndipo watu wengi hujiangusha, na kwa sababu ya heshima tu. Mgonjwa anaulizwa "Unaendeleaje?" anajibu "Niko sawa, daktari." Mzee wa watu hataki kusema mbele ya wageni kwamba mke wake ndiye humuogesha. Basi mwenye kumtunza aende naye, na aseme. Anakula mwenyewe au analishwa? Choo anaenda vipi? Akiachwa peke yake saa mbili, nini hutokea? Akitoka kusafishwa damu, anaamka kitandani siku gani? Beba kitabu cha hospitali, picha za eksirei, barua ya kuruhusiwa kutoka wodini, na orodha ya dawa.

Sasa, kadi si pesa. Hili tunaulizwa sana. Kadi inafungua milango: unaweza kuomba vifaa vya kujisaidia kupitia mfuko wa NCPWD, na ukiwa na mapato unaweza kuomba KRA msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi. Ile 2,000 kwa mwezi ya Inua Jamii ni mlango mwingine. Inalenga ulemavu mkali, yaani mtu anayehitaji kuangaliwa mchana na usiku, katika nyumba yenye uhitaji wa kweli, ambaye hana mshahara wala pensheni na hayuko katika mpango mwingine wa Inua Jamii. Uandikishaji haufunguliwi kila siku. Unapofunguliwa hutangazwa na chifu, kwa hivyo jitambulishe kwake na kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo mapema, wamjue mgonjwa wako yuko nyumba gani. Mtu wa kitandani haonekani barabarani, na ndiye husahaulika kwanza.

Ni kweli, 2,000 haimalizi hata pampers za watu wazima. Lakini ni zako.

Kama mgonjwa alikuwa ameajiriwa, usiishie hapo. NSSF ina malipo ya mwanachama asiyeweza tena kufanya kazi, na aliyeumia kazini ana haki zake chini ya sheria ya fidia ya 2007.

Upande wetu ni mfupi. Mgonjwa asiyeweza kwenda mwenyewe huwakilishwa na mtunzaji aliyesajiliwa, na pesa zikipitia kwa simu, laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha anayepokea. Namba ya siri usimpe mtu, hata mtoto wa jirani anayekusaidia kutoa. Afisa wa kweli hakutumii namba ya simu umlipie fomu. Na ukishatuma kwa makosa, tupigie hapo hapo, usingoje asubuhi.

Yule mama alitupigia tena wiki mbili baadaye. Alikuwa ametoka kwa chifu, na sasa alitaka kujua kama laini yake, ambayo binti yake aliisajili kwa kitambulisho cha binti, inaweza kuhamishwa iwe kwa jina lake. Inaweza. Waende wote wawili dukani, kila mmoja na kitambulisho chake.