Edinburgh: bei ya tramu imefukiwa chini ya lami

Mei 2008, kampuni ya umma iitwayo TIE, iliyoundwa na Halmashauri ya Jiji la Edinburgh kusimamia ujenzi wa reli ya tramu, ilitia saini mkataba mkuu na ubia wa Bilfinger Berger na Siemens wa Ujerumani. Bajeti ya mradi mzima ilikuwa paundi milioni 545: milioni 500 kutoka Serikali ya Uskoti na milioni 45 kutoka halmashauri yenyewe. Abiria waliahidiwa kupanda mwaka 2011. Walipanda tarehe 31 Mei 2014, tena kwenye njia ya kilomita 14 tu kutoka uwanja wa ndege hadi York Place katikati ya jiji, baada ya kipande cha kushuka Leith na Newhaven, pwani, kukatwa kabisa. Ankara ilisomeka paundi milioni 776 bila kuhesabu riba, na tume ya uchunguzi wa mradi huo chini ya Lord Hardie iliyotoa ripoti yake Septemba 2023 ikaipandisha hadi milioni 835.7. Tangu hapo, kila jiji la Uingereza linapotaja tramu, mtu husimama akaitaja Edinburgh kama ushahidi kwamba chombo hiki ni anasa. Ushahidi huo nadhani unasomwa kinyume. Edinburgh haikuponzwa na tramu. Iliponzwa na kukubali bei ya kazi ambayo sehemu yake ngumu, ile ya chini ya barabara, ilikuwa bado haijajulikana.

Anayejenga reli ya tramu mtaani hununua vitu vichache vilivyo wazi: mataruma na reli, nguzo na nyaya za umeme wa volti 750, vituo, karakana, na tramu zenyewe. Vyote hivyo vina bei sokoni na wazabuni wengi. Kisicho na bei sokoni ni mabomba ya maji, ya gesi na ya maji machafu, nyaya za umeme na za simu, pamoja na vyumba vya chini vya majengo ya kale vinavyotokeza hadi chini ya barabara. Vyote hivi hutakiwa kuhamishwa, kwa sababu ukiliacha bomba chini ya reli, siku litakapopasuka utasimamisha usafiri wa jiji zima ili fundi alifikie. Katika mji wa kale, ramani za vitu hivyo zina mapengo na makosa. TIE iliitenga kazi ya kuvihamisha katika mkataba wake peke yake, ikianza kabla ya mkataba mkuu, na wazo lilikuwa jema: mkandarasi wa reli angekuta barabara safi. Hata hivyo, saini ya Mei 2008 ilimwagwa wakati uhamishaji haujakwisha na michoro ya usanifu haijakamilika.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. TIE iliamini, na ikawaaminisha madiwani, kwamba sehemu kubwa ya bei haitabadilika. Lakini kiambatisho cha mkataba kiliorodhesha makisio ambayo bei ile iliyasimamia. Kila hali halisi ilipotofautiana na kisio, mkandarasi alikuwa na haki ya kudai nyongeza ya fedha na ya muda. Kwa kuwa makisio yalidhani usanifu umekwisha na ardhi iko wazi, madai yalimiminika kwa mamia. Februari 2009 kazi ya Princes Street, barabara kuu ya maduka, ilikwama kwa mgogoro hata kabla haijaanza. Reli zilizowekwa hapo mwaka huohuo zilifumuliwa 2011 baada ya lami kando yake kupasuka. Machi 2011 pande mbili zilikaa mezani kwa usuluhishi, TIE ikavunjwa, na Agosti mwaka huo madiwani wakapiga kura njia iishie Haymarket, kabla hata ya kufika katikati ya jiji. Walibadili uamuzi siku chache baadaye, Serikali ya Uskoti ilipotishia kuzuia paundi milioni 72 zilizobaki. Kwa Kiswahili cha sokoni, jiji liliuziwa mbuzi kwenye gunia, ila hapa mnunuzi ndiye aliyelishona gunia mwenyewe.

Tramu zenyewe hazikuwa na kesi. Kampuni ya CAF kutoka Nchi ya Basque, Hispania, ilileta tramu 27 aina ya Urbos 3, kila moja yenye urefu wa karibu mita 43, vipande saba, sakafu ya chini kuanzia mlango wa kwanza hadi wa mwisho, na nafasi ya abiria 250. Zilikuwa tayari mapema kuliko njia. Idadi yake ilipigiwa hesabu njia nzima ya kilomita 18.5 hadi Newhaven, kwa hiyo njia ilipokatwa jiji likabaki na tramu za ziada, likajaribu hata kuzikodisha Croydon, kusini mwa London, likashindwa na kampuni ya Stadler ya Uswisi. Wakati ule jambo hilo lilichekwa sana magazetini.

Anayetaka kujua kama kosa lilikuwa la chombo, na atazame Besançon, mashariki mwa Ufaransa. Jiji hilo lilifungua njia yake mwezi Agosti 2014, miezi mitatu baada ya Edinburgh, yenye urefu wa kilomita 14.5, kwa tramu za CAF aina ileile ya Urbos 3. Gharama ilikuwa takribani euro milioni 250. Sehemu ya tofauti ni uamuzi wa makusudi: Besançon ni mji mdogo, ulinunua tramu fupi za kama mita 24, ukakataa mapambo. Sehemu nyingine ni ya kisheria, na huzungumzwa kidogo mno. Ufaransa ina kanuni ya muda mrefu kwamba mwenye bomba lililolazwa katika ardhi ya umma hulihamisha kwa gharama zake pale ambapo kazi inayofanyika inailenga ardhi hiyo na matumizi yake. Uingereza mzigo mkubwa unamwangukia anayejenga tramu. Mtu anaweza kusema, na ana haki, kwamba fedha hazikuokolewa, zimehamia tu kwenye ankara za maji na gesi. Kweli, lakini kuhamia huko kuna maana. Kampuni ya gesi ikijua italipa yenyewe, itachunguza kipi lazima kihame na kipi kinaweza kubaki. Ikijua analipa mwingine, itapokea bomba jipya badala ya la zamani kwa shukrani.

Ushahidi mzito zaidi uko Edinburgh kwenyewe. Machi 2019 madiwani waliidhinisha kukirudia kipande kilichokatwa, kutoka York Place kupita Leith Walk hadi Newhaven: kilomita 4.69, vituo vinane vipya, paundi milioni 207.3. Safari hii mkandarasi aliingizwa mapema, akapewa miezi ya kuchunguza njia na kukamilisha mipango kabla ya ujenzi kuanza rasmi Novemba 2019. Uhamishaji wa mabomba na uwekaji wa reli havikuachwa vifuatane kwa mikataba inayotegana. Kila kipande cha barabara kilifungwa mara moja, kikachimbwa, kazi zote zikafanyika, kikafunguliwa. Na ardhi ilitoa vituko vyake. Karibu na kanisa la South Leith, chini ya Constitution Street, wanaakiolojia walifukua mabaki ya watu zaidi ya 360 waliozikwa kati ya karne ya 14 na ya 17. Kisha ikaja Uviko na kusimamisha kazi. Hata hivyo tramu ya kwanza ya abiria ilifika Newhaven tarehe 7 Juni 2023, ndani ya bajeti iliyoidhinishwa. Ni jiji lilelile, hali ya hewa ileile, udongo uleule.

Msomaji mwenye kikokotoo atapinga. Milioni 776 kwa kilomita 14 ni takribani paundi milioni 55 kwa kilomita; milioni 207 kwa kilomita 4.69 ni karibu milioni 44. Punguzo si kubwa hivyo, hasa ukikumbuka kwamba awamu ya pili haikununua tramu hata moja wala kujenga karakana: zile tramu zilizochekwa ndizo zilizofanya kazi. Pingamizi hili nalikubali lote, kasoro hitimisho lake. Awamu ya kwanza ilipita sehemu kubwa kando ya barabara, kwenye njia yake yenyewe kuelekea uwanja wa ndege, ambako hakuna mabomba mengi. Awamu ya pili ilipita mtaani mwanzo hadi mwisho, katika mojawapo ya maeneo yenye watu wengi zaidi Uskoti, tena kwa bei za miaka kumi baadaye. Muhimu zaidi, sidai kwamba tramu ikijengwa vizuri inakuwa rahisi. Nadai inakuwa na bei inayojulikana. Awamu ya pili iligharimiwa kwa mkopo utakaolipwa na nauli zijazo, na mpango wake ukategemea pia gawio maalumu la paundi milioni 20 kutoka Lothian, kampuni ya mabasi ya umma. Mkopo wa namna hiyo unabeba milioni 207. Ukigeuka kuwa milioni 300 njiani, nauli hazitoshi, na shimo linazibwa na bajeti ya shule na maktaba.

Pingamizi la pili ni la mabasi, na Edinburgh lina nguvu kuliko kwingine, kwa kuwa Lothian ndiyo kampuni kubwa zaidi ya mabasi inayomilikiwa na halmashauri nchini Uingereza na inasifiwa kwa haki. Kwa nini usiongeze mabasi? Kwenye barabara nyingi jibu ni kwamba uongeze mabasi, na tramu usiiwaze. Lakini Princes Street na Leith Walk zilikwisha kujaa mabasi yanayosubiriana vituoni. Hapo dereva mmoja mwenye abiria 250 nyuma yake ana faida ambayo basi la ghorofa haliwezi kuifikia. Abiria nao wamejibu. Mwaka wa kwanza walikuwa karibu milioni 5, mwaka 2019 zaidi ya milioni 7, na 2024, njia ikiwa kamili, takribani milioni 12. Kampuni ya uendeshaji ilipata faida yake ya kwanza mwaka 2016, miaka miwili kabla ya ilivyopangwa, ingawa faida hiyo ni ya uendeshaji tu na hailipi deni la ujenzi.

Sekta yenyewe imeanza kuelewa uzito uko wapi. Huko Coventry, katikati ya Uingereza, halmashauri na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Warwick wamesanifu tramu nyepesi pamoja na kitako cha reli chenye kina cha sentimita 30 tu, ili mabomba mengi yaachwe yalipo, na wamelenga paundi milioni 10 kwa kilomita. Mwaka 2025 walilaza kipande cha mita 220 mjini. Bado ni jaribio, na lengo si ankara. Edinburgh nayo mwaka huohuo iliwauliza wakazi kuhusu awamu ya tatu, kutoka Granton kaskazini hadi eneo la hospitali na tiba kusini mashariki. Ubishi umeshika upande wa kaskazini: ama tramu ipite Roseburn, njia ya reli ya zamani ambayo sasa ni ya waenda kwa miguu na baiskeli, ama ipite Orchard Brae na daraja la Dean lililosanifiwa na Thomas Telford karne ya 19. Wanaoitetea Roseburn ibaki kijani wanapaswa kuambiwa wazi kwamba chini ya njia ya reli ya zamani hakuna msitu wa mabomba kama ulio chini ya barabara, na kwamba chaguo lao linarudisha mradi kwenye hatari ileile ya 2008. Huenda bustani ndefu ya jiji inastahili gharama hiyo. Lakini kulinganisha njia hizi mbili kwa makadirio ya mezani, kabla ya mashimo ya majaribio kuchimbwa Orchard Brae na uwezo wa daraja kupimwa, ni kuwapa madiwani tarakimu mbili zisizo na uzito sawa na kuwataka wachague iliyo ndogo.